Kutoka musherekha hadi sabuni: kutengeneza potashi na kostiki kwa majivu ya mimea

Nyuma ya jiko la nyanya yangu, kule Butere, palikuwa na chungu kikuukuu kilichotobolewa matundu chini. Ndani yake kukhu, yaani nyanya, alishindilia majivu ya maganda ya maharagwe, akayamiminia maji polepole, na chini yakadondoka maji yenye rangi ya chai isiyo na maziwa. Hayo ndiyo musherekha. Kijiko kimoja tu kwenye mrenda na kunde, mboga ililainika upesi na kubaki na ukijani wake.

Nilikuja kufundisha kemia ndipo nikatambua kwamba chungu kile kilikuwa kiwanda. Kilichokuwa kikidondoka ni potashi, yaani kaboneti ya potasiamu, iliyoyeyuka majini. Kabla ya viwanda vya kutengeneza magadi kutokana na chumvi kuenea Ulaya, potashi ya majivu ndiyo iliyotengeneza sabuni na vioo. Hataza ya kwanza kabisa ya Marekani, ya tarehe 31 Julai 1790, alipewa Samuel Hopkins kwa ajili ya njia bora ya kutengeneza potashi. Hata jina la madini ya potasiamu limetokana na neno hilo: mwaka wa 1807, jijini London, Humphry Davy alipitisha umeme kwenye potashi ya kostiki iliyoyeyushwa, akaipata metali ambayo hakuna aliyekuwa ameiona.

Ninayaeleza haya kwa sababu vikundi vingi vya sabuni, Kakamega hadi Kisumu, hununua kostiki, ile alkali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, iliyovuka bahari, na asidi ya salfoni ambayo asili yake ni mafuta ya ardhini, ilhali maganda ya ndizi yanaozea soko la Kibuye, Kisumu, kila Jumapili. Kati ya musherekha na kostiki pana hatua moja tu, nayo ni chokaa. Na kati ya sabuni nzuri na sabuni inayochubua mikono pana jambo moja, nalo ni kupima. Mengi ya mwongozo huu yako hapo.

Vyombo, na onyo kabla ya moto

Usitumie sufuria ya aluminiamu. Nalisema hili kwanza kwa kuwa karibu kila sufuria ya jikoni kwetu ni ya aluminiamu. Kostiki huila aluminiamu, na inapoila hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hushika moto. Mara yangu ya kwanza niliweka lita tatu kwenye sufuria ya mama. Ikachemka kabla sijawasha jiko, na baada ya saa moja matundu madogo yalikuwa yanaonekana. Tumia chuma kisichoshika kutu, chungu cha chuma cha kusubu, au sufuria ya enameli ambayo haijabanduka. Kwa maji baridi, ndoo na mitungi migumu ya plastiki inafaa.

Vaa glavu za mpira, miwani ya kinga na viatu vilivyofunika vidole. Fanyia kazi nje au penye hewa. Kostiki ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, dakika 15 au zaidi, na ikiwa ni jichoni nenda hospitali huku ukiendelea kuosha. Usimwage siki kwenye ngozi iliyoungua. Maji ndiyo dawa ya kwanza.

Na tafadhali, kostiki isiwekwe kamwe kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, hata kwa usiku mmoja. Inaonekana kama maji. Mtoto akinywa funda moja, koo lake huungua kwa namna isiyopona vizuri. Weka kwenye mtungi mmoja tu, uandike kwa rangi nyekundu, uufungie.

Majivu gani?

Si majivu yote yana potashi ya kutosha. Mti mkavu huacha majivu machache sana, kama kilo moja hivi kwa kilo mia za kuni, na sehemu kubwa ya majivu hayo ni kalisi isiyoyeyuka. Sehemu za mmea zinazokua haraka, yaani maganda, mabua na majani, ndizo zenye potasiamu nyingi. Ndiyo maana kukhu hakuchukua majivu ya mafiga. Alichoma maganda ya maharagwe peke yake. Kule Afrika Magharibi, sabuni yao nyeusi hutokana na majivu ya maganda ya ndizi za kupika na ya kakao, kwa sababu hiyohiyo.

Kwetu, ninavyoyapanga mimi: maganda ya ndizi kwanza, kisha maganda na mashina ya maharagwe, kisha magunzi ya mahindi. Makapi ya miwa yaachie viwanda. Majivu yake yamejaa silika, ile ya mchangani, na potashi ni kidogo. Gugumaji la ziwani lina potasiamu, lakini zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo utakausha rundo zima la pwani ya Dunga upate debe la majivu. Isitoshe, mmea huo hunyonya metali nzito penye maji machafu, na mimi singeutumia kwa sabuni ya mwili.

Kausha maganda juani mpaka yavunjike mkononi. Yachome kwenye pipa la chuma lenye matundu ya hewa chini, bila plastiki, bila mbao zilizopakwa rangi. Unataka majivu meupe au ya kijivu hafifu. Yakiwa meusi bado kuna makaa, na maji yako yatakuwa kama wino, yarudishe motoni. Kisha yachunge kwa chekecheke na uyafunge kwenye ndoo yenye kifuniko siku hiyohiyo. Majivu yaliyonyeshewa hayana kazi tena kwetu. Mvua imeshachukua potashi na kuipeleka shambani.

Kuchuja potashi

Chukua ndoo ya lita 20, toboa matundu madogo chini, tandika nyasi kavu kiasi cha vidole vinne, halafu kitambaa cha pamba. Jaza majivu hadi robo tatu, ukiyashindilia kwa wastani: yakilegea sana maji yatapita bila kubeba kitu, yakikazwa sana yatakwama. Weka ndoo juu ya nyingine.

Tumia maji ya mvua. Ya kisima mara nyingi yana kalisi na magnesiamu, na hizo zitakusumbua hadi mwisho wa safari. Yapashe moto, mimina kidogokidogo, subiri yanywewe, ongeza. Maji ya kwanza kutoka ndiyo mazito, yaweke kando. Mimina mara ya pili, na hayo mepesi usiyachemshe, kwani utateketeza kuni bure. Yatumie kumiminia majivu mapya ya kesho. Kwa njia hii kila tone linapita kwenye majivu mara mbili na kuni zinapungua sana.

Wazee walipima ukali kwa yai: likielea na kuonyesha kipande cha ukubwa wa sarafu, wakasema tayari. Yai hupima uzito wa maji tu. Maji yenye chumvi nyingine pia huliinua, na sabuni haitengenezwi na chumvi hizo.

Sasa chemsha maji mazito hadi yapungue na kuwa kama sharubati, kisha yaache yapoe usiku kucha. Asubuhi utakuta fuwele ngumu chini. Usifurahi ukadhani ndiyo potashi. Hizo ni salfeti na kloridi ya potasiamu, ambazo hazipendi kuyeyuka kwenye maji baridi. Potashi yenyewe huyeyuka kupita kiasi, zaidi ya kilo moja kwenye lita moja ya maji, kwa hiyo imebaki juu kwenye kimiminika. Mwaga kimiminika hicho kwenye chombo kingine na uendelee kukikausha kwa moto mdogo, ukikoroga, hadi upate unga wa kahawia au kijivu. Fuwele za chini ni mbolea. Zipeleke kwenye migomba.

Unga huo ni potashi ghafi. Uchome tena kwenye bati zito la chuma hadi ugeuke mweupe ukitaka usafi zaidi. Uweke kwenye chombo kisichopitisha hewa, kwa maana hunyonya unyevu, na msimu wa mvua za Kakamega utaukuta umekuwa uji.

Chokaa

Potashi peke yake haigeuzi mafuta kuwa sabuni nzuri, ni dhaifu. Inahitaji kugeuzwa kuwa kostiki ya potashi, yaani haidroksaidi ya potasiamu. Chokaa ndiyo huibadilisha: kalisi ya chokaa hushikana na kaboneti ya potashi, zikazama pamoja chini kama tope jeupe, na kostiki ikabaki juu kwenye maji.

Hapa ndipo nilipoteza majuma mawili. Niliomba chokaa dukani nikauziwa chokaa ya shambani, ile ya kupunguza uchachu wa udongo. Nilichemsha, nikakoroga, nikaongeza, hakuna kilichotokea. Chokaa ya shambani ni jiwe la chokaa lililosagwa tu. Ni kitu kilekile kitakachozama chini mwishoni mwa kazi yetu, kwa hiyo hakina cha kutoa. Unachohitaji ni chokaa iliyochomwa kwenye tanuri kisha ikazimwa kwa maji, inayotumiwa na waashi na wapaka kuta. Koru, karibu na Muhoroni, ndiko mawe hayo huchimbwa na chokaa kutengenezwa, kwa hiyo kwetu haitoki mbali. Muulize muuzaji wazi: imechomwa, au imesagwa tu? Ukitaka kuhakikisha, weka kijiko kwenye maji, koroga, uache itulie, kisha dondosha maji ya juu kwenye manjano, ile bizari ya jikoni. Ile iliyochomwa itageuza manjano kuwa nyekundu mara moja. Iliyosagwa haitafanya hivyo. Nunua mfuko uliofungwa pia, kwa sababu chokaa iliyokaa wazi hurudi kuwa jiwe kwa kuvuta hewa ya ukaa.

Kwa hesabu, gramu 100 za potashi safi zinahitaji gramu 54 za chokaa safi, nazo zinatoa gramu 81 za kostiki. Potashi yetu si safi, chokaa ya mfuko pia si safi, kwa hiyo mimi hutumia gramu 70 za chokaa kwa kila gramu 100. Chokaa ikizidi kidogo hakuna hasara, itazama pamoja na tope.

Yeyusha gramu 100 za potashi kwa kila lita ya maji ya mvua. Usizidishe. Maji yakiwa mazito sana mageuzi hukwama njiani. Pasha hadi karibu kuchemka. Kando, koroga chokaa na maji kidogo iwe kama uji mwepesi, uimimine polepole huku ukikoroga kwa mwiko wa mbao wenye mpini mrefu. Ishike kwenye moto mdogo kwa saa moja, ukiongeza maji yaliyopotea kwa mvuke. Funika, iache itulie hadi kesho.

Asubuhi maji ya juu yatakuwa mangavu. Jaribu: chukua siki nyingi kwenye glasi, dondosha kijiko cha kostiki yako iliyopoa. Isipotoa mapovu, kazi imekwisha. Ikitoa mapovu, bado kuna potashi; rudisha motoni na uongeze chokaa kidogo. Hamisha maji kwa mpira mwembamba uliojazwa maji kwanza na kuzibwa kwa kidole chenye glavu. Usivute kwa mdomo.

Kupima ukali kwa siki na manjano

Sehemu hii wengi huiruka, na ndiyo inayonifanya niandike. Maabara yote unayohitaji iko dukani: siki nyeupe, manjano, spiriti, na sirinji mbili za mililita 10 na 5 kutoka duka la dawa.

Loweka kijiko cha manjano kwenye spiriti kidogo, chuja. Manjano hubaki njano kwenye asidi na hugeuka nyekundu ya udongo kwenye kostiki. Vuta mililita 10 za kostiki yako iliyopoa, weka kwenye glasi, ongeza maji kidogo na matone matano ya manjano. Itakuwa nyekundu. Sasa ongeza siki kwa sirinji, kidogokidogo ukitikisa, na usichelewe kwa kuwa kostiki kali huiharibu rangi ikikaa. Simama pale tu inaporudi kuwa njano na kubaki hivyo. Andika ni mililita ngapi za siki zilizotumika. Rudia mara tatu, chukua wastani.

Soma kibandiko cha siki. Ikiwa ni ya asilimia 5, zidisha mililita zako kwa 4.7, na jibu ni gramu za kostiki kwenye lita moja. Ikiwa ni ya asilimia 4, zidisha kwa 3.7. Tuseme ulitumia mililita 12 za siki ya asilimia 5: 12 mara 4.7 ni takriban 56. Kila lita ya maji yako ina gramu 56 za kostiki. Sasa unajua ulicho nacho, jambo ambalo yai halikuweza kukuambia.

Sabuni

Kila mafuta yana kiasi chake cha kostiki. Kilo moja ya mafuta ya mawese, ambayo ndiyo mengi kwenye vikaango vya chipsi mjini Kisumu, inahitaji gramu 200 hivi. Alizeti na parachichi ni karibu gramu 190, nyonyo 180, nazi hufika 255 hivi. Kila mara punguza asilimia 5, ili mafuta kidogo yabaki na kostiki isibaki. Kwa kilo moja ya mawese basi ni gramu 190. Ukiwa na kostiki ya gramu 56 kwa lita, gawanya 190 kwa 56: unahitaji lita 3.4.

Mafuta yaliyokwisha kukaangia yachuje kwa kitambaa, yachemshe na maji mara moja ili chumvi na makombo yashuke, yaache yatengane, uyachote. Lita zako 3.4 za kostiki zichemshe kwa uangalifu hadi zipungue kufika lita moja hivi. Katika hatua hii kostiki ni kali kweli na inarusha matone. Simama mbali na uso wako usiwe juu ya chombo.

Pasha mafuta hadi yawe moto bila kutoa moshi. Mimina kostiki kidogokidogo ukikoroga. Chombo kiwe na nafasi mara mbili au tatu ya mchanganyiko, maana utafura. Mwanzoni utaona mafuta na maji vikigombana. Baada ya muda utakuwa kama uji, kisha mzito kama ugali mlaini. Acha kwenye moto mdogo sana saa tatu hivi, ukikoroga kila dakika ishirini na kuongeza maji unapokauka. Umeiva unapoacha weupe na kuanza kupitisha mwanga, kama mafuta ya mgando ya kupaka.

Yeyusha kijiko kimoja kwenye kikombe cha maji moto ya mvua. Mafuta yakielea juu, pika zaidi. Pima pia kwa karatasi za pH: 9 hadi 10 ni sawa, ikizidi 11 ongeza vijiko vichache vya mafuta na upike saa nyingine. Hapa manjano hayafai tena, kwa sababu sabuni iliyo salama kabisa nayo huyageuza mekundu.

Kwa sabuni ya maji, changanya sehemu moja ya uji huo na sehemu mbili za maji moto ya mvua, uache usiku kucha. Ya mawese itakuwa na ukungu na huenda ikaganda kama jeli asubuhi ya baridi. Si kasoro, ndiyo tabia ya mafuta hayo. Ukitaka sabuni angavu ya rangi ya asali, tumia alizeti. Ukitaka ya kipande, mimina maji ya chumvi ya jikoni iliyokolea kwenye uji wa moto: sodiamu ya chumvi huchukua nafasi ya potasiamu, na sabuni ngumu hupanda juu uikate ikipoa.

Ikiwa utauza, unahitaji alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na kwa ushauri wa kiufundi kituo cha KIRDI, taasisi ya utafiti wa viwanda, kiko Kisumu. Wapelekee daftari lako la vipimo. Ninavyoamini mimi, kikundi chenye daftari la kila chungu kilichopikwa, na mililita za siki zimeandikwa humo, kiko mbele ya kikundi chenye mashine na kisicho na kumbukumbu.

Yamebaki matope: majivu yaliyochujwa na lile tope jeupe la chini. Tope bado lina kostiki, kwa hiyo lisuuze mara mbili na maji hayo uyatumie kuyeyushia potashi ya upishi ujao. Kisha lirundike mahali pasipofikwa na kuku wala watoto kwa mwezi mmoja. Hewa itaigeuza kostiki iliyosalia kuwa potashi tulivu. Baada ya hapo ni chokaa ya shambani halisi, ile niliyouziwa kimakosa, na udongo wetu mwingi wa magharibi ni mchachu na unaihitaji. Lichanganye na majivu yaliyochujwa, nyunyiza kwenye shamba la mahindi na maharagwe kabla ya kulima, lakini si penye viazi mbatata, kwani udongo uliopungua uchachu huvipa ukurutu. Maganda ya maharagwe yatakayovunwa humo msimu ujao, yakaushe.